Niliwauzia Mombasa Nisiyoijua

Wadau, leo sina orodha. Leo niko na kesi ya kujibu.

Wale mlioanza kunifuata zamani mnaikumbuka ile video ya "Sehemu Kumi za Lazima Ukija Mombasa". Ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote, watu elfu sitini na kitu. Ndiyo iliyofanya nijiite mtu wa kontenti mbele ya wajomba bila kuangalia chini. Wiki jana nimeifuta. Kabla hamjaniuliza kama nimerogwa, ngoja niwaeleze.

Kati ya zile sehemu kumi, mimi mwenyewe nilikuwa nimeingia nne. Nne tu, na mimi ni mtoto wa Kisauni, nimekunywa maji ya chumvi ya mji huu tangu nizaliwe. Zile zingine niliokota vipande vya watu, nikaweka sauti yangu juu, nikatia na taarabu kidogo ili inukie Pwani. Fort Jesus niliishia mlangoni. Nikarekodi mizinga ya nje, nikapanda tuktuk nikaenda zangu. Na namba tatu nililipwa shilingi elfu tano niiweke. Ni nyumba ya wageni, sitaitaja, lakini sijawahi kulala pale hata usiku mmoja. Kwenye video nilisema "mandhari ni moto". Mandhari niliyaona kwa picha walizonitumia.

Sasa mwezi wa nane nikapata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Nakuru. Alikuwa amemleta mamake kuona bahari kwa mara ya kwanza. Alidunduliza miezi mingi, wakaja siku mbili, na mwongozo wao ulikuwa mimi. Asubuhi Fort Jesus, mchana Diani, jioni Mtwapa. Hivyo ndivyo nilivyopanga kwenye video, na ukiipanga kwa simu inaingia vizuri kabisa.

Ukiipanga kwa miguu haiingii. Walifika mjini wamechelewa, wakaiacha Fort Jesus ili wawahi Diani. Foleni ya Likoni ikawala. Walipofika, maji yalikuwa yamekupwa, bahari iko kule mbali, mbele yao ni mwani na mawe, na mama ana goti bovu. Wakageuza ili wakimbilie Mtwapa, giza likawakuta njiani. Akaniandikia: "Mamangu aliiona bahari kwa dirisha la matatu."

Hakunitukana. Angenitukana ningemfungia nilale vizuri.

Kwa hivyo jambo la kwanza, ambalo ningelisema tangu siku ile kama ningekuwa mkweli: Mombasa mjini ni kisiwa. Ukienda kaskazini unavuka daraja la Nyali, ukienda kusini unavuka kwa feri ya Likoni, ukija kutoka Nairobi unaingilia Makupa. Diani si Mombasa, ni kaunti ya Kwale. Mtwapa ni Kilifi. Watamu, Gede na Malindi, zote ni Kilifi, na ni mbali. Ukishuka treni Miritini bado hata hujafika mjini. Sisi watu wa mitandao tunayatupa yote kwenye sufuria moja, tunaandika "Mombasa", halafu mtu wa bara anadhani atatembea kwa miguu kutoka Pembe za Ndovu hadi Diani.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwangu. Kwa nini sikuwa nimeingia?

Nikiwa darasa la sita kulikuwa na safari ya shule. Mama alisema mwaka ujao. Mwaka ujao akasema mwaka ujao. Baadaye nikaenda chuo huko bara, na kila mtu akisikia natoka Mombasa swali ni lile lile, "Fort Jesus kukoje ndani?" Nikawa nawaeleza. Mahandaki, mifupa, mlango wa siri unaotokea baharini. Uongo mtupu, lakini niliusimulia vizuri mpaka nikawa nauamini. Karo ilipokataa nikaacha masomo mwaka wa pili, nikarudi nyumbani na mkoba mmoja, simu moja na ule uongo. Nikaanza kuutengenezea video.

Baada ya ujumbe wa Nakuru nikaamua naingia. Nikamwambia nyanya twende wote. Nyanya ana miaka 82, amezaliwa Mombasa, amezalia Mombasa, na yeye pia hajawahi kuingia. Mimi nilidhani ni mambo ya kiingilio kama sisi wengine. Akaniambia, "Mume wangu, Ngomeni siendi mimi. Pale ni jela."

Nikacheka. Nikamwambia nyanya, hiyo ni makumbusho. Akasema, "Kwenu nyinyi."

Ikabidi nisome, na ni aibu kwamba ilibidi nisome. Waingereza waliigeuza Fort Jesus kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa 1960. Nyanya alikuwa msichana mkubwa kabisa wakati kule ndani kulikuwa kunafungwa watu, na mmoja wa watu hao alikuwa babake mdogo. Kila wakipita nje ya ule ukuta, mamake alikuwa anamshika mkono na kumwambia atembee haraka, asiangalie juu. Miaka zaidi ya sitini baadaye bado alikuwa anatembea haraka. Mimi, mjukuu wake, nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta huo huo nikiwaambia watu elfu sitini kwamba ni mahali pazuri pa kupiga picha na mpenzi wako.

Nilimbembeleza wiki mbili. Akakubali siku ya Jumatano, akavaa buibui lake la harusini.

Ushauri wa upesi hapa: beba kitambulisho chako. Bei ya Mkenya na bei ya mgeni haziko karibu hata kidogo. Na nenda asubuhi, kwa sababu kufika saa sita yale mawe yanachoma.

Ndani hakuna mlango wa siri wa kusimulia wenzako bwenini. Kilichopo kinatosha. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mchoraji wa ramani yake akiwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu imekaa kama mtu aliyelala chali. Mwaka 1631 sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, ambaye Wareno walimlea Goa wakambatiza wakamwita Jeronimo, aliwageuka, akamuua kapteni wao na kuichukua. Kati ya mwaka huo na 1875 ilibadilisha mikono mara tisa. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Hebu fikiria, karibu miaka mitatu mmefungiwa kwenye uwanja ule, na maradhi yanawamaliza haraka kuliko risasi. Meli moja iliyokuja kuwasaidia, Santo António de Tanna, ilizama hapo hapo chini ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi walikuja kuiibukia miaka ya sabini, na vitu vilivyotolewa viko mle ndani kwa kioo. Nilivisimamia muda mrefu. Lakini kilichonishika zaidi ni ile michoro ya ukutani ya Wareno. Meli, watu, alama alama. Inaonekana kabisa ni mtu aliyekuwa amechoka kukaa mahali pamoja na hana simu.

Nyanya hakujali Wareno. Alikuwa anatafuta vyumba. Kila mlango tukifika anauliza, "Hapa ndipo walipokuwa wakilala?" Kijana anayeongoza wageni akamjibu kwa adabu sana, akimwita bibi, akamwonyesha anachokijua. Mwisho tukapanda juu kwenye ukuta upande wa bahari. Upepo ule! Akashika ukingo, akaangalia mitumbwi kule chini, akasema, "Ukuta huu nimeuona umri wangu wote. Leo ndio nauona kwa nyuma." Halafu akaomba maji.

Sikurekodi. Simu ilikuwa mkononi na sikurekodi, na wenye kazi kama yangu mnajua hiyo ni kama kutupa pesa baharini.

Baada ya hapo nilizirudia zile zingine nilizowadanganya, moja moja.

Pembe za Ndovu pale Moi Avenue ni dakika tano. Ni bati la alumini, ziliwekwa miaka ya hamsini kwa ajili ya ziara za watu wa ufalme wa Uingereza, na ukisimama katikati ya barabara kupiga picha, matatu haitakungoja. Piga, ondoka.

Haller Park pale Bamburi ndipo nilipojiona mjinga, kwa sababu nilikuwa nimeielezea kama "mbuga ya wanyama yenye twiga". Mahali pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa jeupe halioti kitu. Mwaka 1971 Rene Haller akaanza kupanda miti. Iliyokubali vizuri ni mivinje. Shida ikawa majani ya mvinje hayaozi upesi, yanarundikana tu, udongo haupatikani. Unajua nani aliokoa kazi? Majongoo! Yale majongoo meusi ambayo sisi tukiyaona bafuni tunaita mtu aje na fagio. Yaliletwa yakayala yale majani, yakanya udongo, na juu ya udongo huo ndipo msitu mzima uliposimama. Tena hapo ndipo alipoletwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyepotezana na wenzake wakati wa tsunami ya Desemba 2004 kule upande wa Malindi, akaenda kujilaza kwa kobe mzee anayeitwa Mzee na kumfanya mlezi wake. Nilikuwa na hadithi kama hiyo kilomita chache kutoka kwetu, na mimi nikaandika "twiga".

Ufuo wa Pirates ni wa umma, huhitaji kulala hoteli yoyote kuingia. Watakuja wenye ngamia, wenye boti, wenye shanga. Sema "ahsante, leo sina" ukitabasamu na uendelee kutembea. Lakini kabla ya kutoka nyumbani tafuta saa za maji kujaa na kupwa, zipo kwenye simu hiyo hiyo unayosomea hapa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo lililomponza yule mama wa Nakuru, na kila mtoto wa Pwani analijua. Nililijua. Sikuona kama ni kontenti.

Na kama una jioni moja tu, nenda Mama Ngina. Ipo hapo hapo kisiwani, kukaa ni bure, ilikarabatiwa 2019 na mibuyu bado iko. Nunua mihogo ya kukaanga, ikatiwa pilipili na ndimu, kaa ukingoni. Meli za Kilindini zinapita karibu mpaka unaona mabaharia wakivuta sigara. Pale ndipo wenyeji wenyewe wanapoenda Jumapili, kwa hivyo hutakuwa mgeni peke yako unayeangaliwa.

Sasa najua mtaniuliza, kwa nini nisiirekebishe video tu badala ya kuifuta? Niliwaza hivyo. Lakini ile namba tatu nisingeweza kuirekebisha bila kurudisha elfu tano, na elfu tano nilishakula. Nimemwandikia mwenye nyumba. Tumekubaliana nimlipe mara mbili, mwezi huu na ujao. Mmojawapo wa marafiki zangu anasema nimejiua kibiashara. Labda. Tangu niifute wamenitoka watu mia tatu, nimehesabu.

Dada wa Nakuru nilimjibu baada ya siku kumi, kwa sababu nilikuwa sijui niandike nini. Nikamwambia wakipata nauli tena, waje siku mbili wakae kisiwani na Nyali, wasivuke feri. Siku ya kwanza asubuhi Ngomeni, mchana wapumzike, jioni Mama Ngina. Siku ya pili nitawatafutia maji yakijaa asubuhi, mama akae kwenye kiti ufuoni, maji yamfuate yeye miguuni. Goti halitamsumbua.

Akajibu watajaribu Desemba. Nikamsomea nyanya ujumbe huo alipokuwa anapepeta mchele. Hakusema neno muda mrefu, nikadhani hajasikia. Kisha akauliza, "Huyo mama wa bara, samaki anakula?"