Kitanda Tusichokilalia: Jinsi Tulivyochagua Mashine ya Kufulia



Nyumbani kwetu, Mji wa Kale hapa Mombasa, tunaishi watu kumi na mmoja chini ya paa moja: Bimkubwa, aliyewazaa waume zetu, wanawe wawili, sisi wake zao wawili tunaoandika makala haya kwa pamoja, na watoto sita, mkubwa wao ana miaka kumi na mitano na mdogo bado ananyonya. Aliyelelewa katika nyumba kama hii hana haja ya kuelezwa habari za nguo chafu. Kuna sare za skuli, kanzu za Ijumaa, madira, buibui, mashuka, taulo, nguo za chuoni na nepi za mtoto. Kapu likimalizwa Jumamosi, Jumatatu limejaa tena.

Huenda baadhi yenu mkaona kuwa mashine ya kufulia ni jambo dogo lisilostahiki kuandikiwa. Nasi tulidhani hivyo, hadi tulipopoteza shilingi 52,000, na tukagundua kuwa fedha haikuwa hasara kubwa zaidi.

Kwa miaka mingi Bimkubwa ndiye aliyelimiliki beseni. Hata tulipoolewa hakukubali kukaa kitako tukifua peke yetu. Kisha kifundo cha mkono wake wa kulia kikaanza kuvimba. Alikifunika kwa ncha ya leso, nasi tukadhani ndivyo apendavyo kujitanda. Tuliujua ukweli asubuhi ile sufuria ya uji ilipomponyoka. Waume zetu waliingiwa na huruma na haya kwa pamoja. Walichukua akiba iliyowekwa kwa ajili ya kuziba paa, wakaenda mjini, na jioni mkokoteni ukasimama kichochoroni ukiwa umebeba mashine nyeupe yenye mlango wa kioo kwa mbele.

Hatukuulizwa. Wala sisi hatukusema neno, na hilo ni kosa letu. Tulijua jinsi maji yetu yalivyo, tulijua umeme wetu, lakini tuliona uso wa Bimkubwa ulivyong'aa, tukashukuru, tukaipangusa vumbi na kuitandikia kitambaa cha kufuma.

Mashine ile ilikuwa nzuri. Yapasa tuitendee haki. Katika nyumba yenye maji ya mfereji yenye nguvu mchana na usiku, ingedumu. Kwetu ilikuwa ugenini. Maji ya mfereji hutufikia siku mbili au tatu kwa wiki, nasi huyahifadhi katika tangi la lita 1,000 juu ya nyumba. Kitabu cha mashine kilieleza kuwa yahitaji maji yenye msukumo usiopungua baa 0.5. Kila mita kumi za kimo huyapa maji msukumo wa takriban baa 1. Tangi letu liko mita tatu tu juu ya mashine, kwa hiyo tulikuwa na baa 0.3. Mashine ilingoja maji, ikachoka kungoja, ikawasha taa nyekundu na kunyamaza, nguo zikiwa ndani na mlango umejifunga.

Waume zetu wakaiunganisha na pampu ya kisima cha uani. Visima vyetu, kama mjuavyo, vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe. Maji yake yana chumvi na chokaa. Chokaa ikaganda juu ya chuma cha kupashia maji, na chumvi ikaila ile aluminiamu inayolishika pipa kwa nyuma. Sabuni ya unga tuliyozoea kufulia kwa mikono ikafanya povu lililotoka hadi sakafuni, kwani mashine za namna ile hutaka sabuni yake maalumu isiyotoa povu jingi. Mwezi wa kumi na nne umeme ulikatika katikati ya kazi. Uliporejea, ulirejea kwa kishindo, na ubongo wa mashine ukaungua. Kuubadilisha pekee kulitakiwa shilingi 21,000, na lile pipa lililooza lingebaki vilevile.

Nguo zikarudi kwenye mabeseni. Jirani alipouliza habari za mashine, Bimkubwa alimjibu kuwa imepumzika.

Usiku mmoja, saa kumi kasorobo, mmoja wetu aliamka kumnyonyesha mtoto akasikia maji yakimiminwa uani polepole, kama mtu aibaye. Alikuwa Bimkubwa, ameketi juu ya kigoda, anafua kanzu za wanawe kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umelala mapajani. Alikuwa akifanya hivyo kwa wiki kadhaa.

"Wanangu wakiniona nafua," alisema, "watajiona wamenipa zawadi mbovu. Waache walale."

Siku ile tuliwaeleza waume zetu, na tulianza kwa kujilaumu wenyewe kwa kunyamaza. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye kununua mashine si yule aliyeketi mbele ya beseni. Naye mwenye beseni, kwa haya au kwa mapenzi, hasemi. Walisikiliza bila ya kujibu. Hatimaye yule mkubwa akasema: "Basi safari hii chagueni nyinyi. Sisi tutabeba."

Kabla ya kukanyaga duka lolote, tulikwenda kwa fundi mmoja wa Mwembe Tayari, ambaye karakana yake imejaa mashine zilizokufa. Tulitaraji atutajie jina la kampuni. Badala yake alituuliza maswali manne. "Maji yenu yatoka wapi, mama? Umeme wenu hukatika mara ngapi? Mko wangapi? Na ikiharibika, nani ataifungua?" Tulipomjibu, alitwambia kuwa kwa nyumba kama yetu tuangalie mashine ya mapipa mawili: moja la kufulia, jingine la kukamulia, isiyo na ubongo wa elektroniki bali visaa vya kuzungusha kwa mkono. Hii hujazwa kwa ndoo, kwa hiyo haijali msukumo wa maji. Alitufungulia moja tuione kwa ndani: mota mbili, mkanda, kapasita, visaa, na kizibo cha kutolea maji. Kila kimoja, alisema, kinapatikana hapa mjini.

Tuliporejea tulifanya jambo ambalo hatukuwahi kulifanya: tulizipima nguo. Tuliazima mizani ya mwenye duka jirani, tukapima kila kapu kwa wiki nzima, na jumla ikawa kilo 34. Uzito unaoandikwa kwenye mashine ni wa nguo kavu, na si vyema kulijaza pipa pomoni, kwani nguo zikosapo nafasi ya kugeuka hazitakati na mota huelemewa. Tukaamua kuchukua ya kilo 10 na kuipakia kilo saba. Hiyo ni mikupuo mitano kwa wiki, miwili Jumatano na mitatu Jumamosi. Mnunuzi na azingatie pia kuwa pipa la kukamulia ni dogo kuliko lile la kufulia, hivyo mkupuo mmoja hukamuliwa kwa awamu mbili.

Dukani tulitazama mambo ambayo zamani tusingeyatazama. Tulichagua yenye mwili wa plastiki, kwa sababu hewa ya bahari huila bati hata likipakwa rangi. Tuliomba ichomekwe tuusikie mlio wa mapipa yote mawili. Tulihakikisha kadi ya dhamana imeandikwa tarehe na kupigwa muhuri mbele yetu. Tulisoma nguvu ya mota ya kufulia: wati 360. Mashine yenye kupasha maji yaweza kula wati 2,000 wakati wa kupasha. Yetu, kwa robo saa ya kufua, haifikishi hata sehemu ya kumi ya uniti moja ya umeme, na kwa anayenunua tokeni hilo si jambo dogo.

Bei ilikuwa shilingi 19,500. Hatukutaka mkopo wa riba, wala kugusa tena fedha za paa. Tuko kumi katika mchezo wetu wa akina mama, kila mmoja hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Tuliomba tusogezewe zamu, na wenzetu, Mwenyezi Mungu awalipe kheri, wakakubali. Shilingi 500 zilizobaki zilimlipa mwenye mkokoteni. Waume zetu wakanunua kifaa cha kuilinda na umeme unaorejea kwa nguvu, wakahakikisha soketi ina waya wa ardhi. Tukaweka sheria moja isiyovunjwa: hakuna kugusa plagi kwa mkono wa maji wala kusimama hapo bila ya ndara.

Ilibaki tohara. Wengi wetu hapa pwani twafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na humo maji machache, yasiyofikia kula mbili, hunajisika mara tu yaingiwapo na najisi. Pipa letu huchukua madumu matatu ya lita 20, yaani lita 60, nayo ni machache. Nepi moja ikitumbukizwa humo na najisi yake, kanzu zote za mkupuo ule zimeingia katika shaka. Tulimwendea ustadhi wa mtaani, akatuelekeza: nguo yenye najisi itengwe, najisi yenyewe iondolewe kwanza, kisha nguo imiminiwe maji safi juu yake mpaka itoharike, baada ya hapo ichanganywe na nyingine bila ya wasiwasi. Kwa hiyo nepi zina ndoo yake, na kazi hiyo humalizwa kabla ya mashine kuwashwa. Msomaji mwenye mashine ya namna nyingine na amuulize mwanachuoni wake, kwani utokaji na uingiaji wa maji hutofautiana.

Utaratibu wetu sasa ni huu. Nguo nyeupe hutangulia, kisha za rangi katika maji yale yale ya sabuni, na mwisho vitambaa vya jikoni na matambara ya kupigia deki. Pipa moja la sabuni likitumika mara tatu, huokoa lita 120. Kila mkupuo husuuzwa mara mbili kwa maji ya tangi, si ya kisima, ili chumvi isibaki kwenye kitambaa. Maji ya kusuuzia hukingwa kwa ndoo na kutumika chooni.

Hatusemi kuwa haina taabu. Yahitaji mtu wa kusimama nayo, kuzihamisha nguo zikiwa zimelowa na nzito kutoka pipa hili hadi lile. Mwanzoni tulidhani mtu huyo angekuwa mmoja wetu au binti yetu. Bimkubwa akamwita mjukuu wake mkubwa, aliyekuwa akiikodolea macho mashine tangu ilipoingia. Kijana akasita, akasema kufua ni kazi ya wanawake. Bimkubwa akamjibu kwa utulivu: "Mtume, rehema na amani zimshukie, alishona nguo yake kwa mkono wake na kuvitengeneza viatu vyake, akawasaidia watu wa nyumbani kwake. Wewe mwenzangu umemzidi kwa lipi?" Kijana akakunja mikono ya shati. Sasa Jumamosi ni yake, na Jumatano ni ya baba zake kwa zamu.

Ni miezi 26 tangu mashine hiyo iingie. Mkanda umebadilishwa mara moja, na aliyeubadilisha ni kijana huyo, fundi akimwelekeza. Hatudai kwamba kila nyumba inunue kama yetu. Nyumba yenye maji ya uhakika na watu wachache huenda ikastarehe zaidi na ile yenye mlango wa kioo. Tunachowausia wenzetu ni kuanza na maji, umeme, idadi ya watu na fundi, kabla ya kuanza na bei au jina. Na kabla ya hayo yote, kumketisha yule afuaye na kumwuliza, kisha kungoja jibu hata likichelewa.

Kifundo cha Bimkubwa hakikupona kabisa; asubuhi nyingine huamka kimevimba. Leso yake ya kuswalia bado huifua mwenyewe, kwa mkono, na hatuthubutu kumzuia. Lakini saa kumi za usiku uani ni kimya, naye hulala mpaka adhana ya Alfajiri.

Mwenyezi Mungu awape afya wazazi wetu walio hai, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe wenye kuwauliza kabla hawajalazimika kutuficha. Amin.