Haki ya Kufanya Kazi: Jina na Maana Yake

Ndugu wasomaji wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo,

Tunaomba radhi kwa kuanza na kosa letu wenyewe. Majira ya baridi ya mwaka juzi tulialikwa Louisville kuwasaidia wageni waliofika karibuni kuzielewa karatasi wanazopewa makazini. Miongoni mwa maneno tuliyoulizwa lilikuwamo jina la sheria moja ya jimbo la Kentucky. Sisi tulioshika chaki kwa miaka thelathini tulilitafsiri palepale, neno kwa neno: Sheria ya Haki ya Kufanya Kazi. Watu wakaandika katika madaftari yao, tukanywa chai, tukarudi Columbus tumeridhika.

Kabla ya mwezi kwisha, simu zilianza kulia. Mama mmoja, ambaye ombi lake la hifadhi lilikuwa bado halijaamuliwa na kibali chake cha kazi hakijatoka, alitaka kujua kama sasa anaweza kuanza kazi ya usafi wa usiku, maadamu jimbo limekwisha kutoa haki. Kijana mmoja aliyeachishwa kazi bila kuelezwa sababu aliuliza amshitaki mwajiri wake kwa kifungu kipi cha sheria hiyo. Na mpwa wetu, anayefanya kazi katika ghala moja huko huko, alituarifu kwa furaha kwamba fomu ya chama cha wafanyakazi ameirudisha bila kuitia sahihi. "Mjomba," alisema, "kama haki ninayo tayari, ya nini kuinunua kila mwezi?"

Watu watatu walisikia maneno yale yale kutoka vinywani mwetu, na kila mmoja akachukua maana ambayo haimo. Yule mama angeweza kuiharibu kesi yake kwa ajili ya tafsiri yetu. Ndiyo maana tumeona hatuna budi kulieleza jambo hili upya, na kwa maandishi.

Kwanza, sheria hii haimpi mtu yeyote kibali cha kazi. Kibali hutolewa na serikali ya taifa, si jimbo, na anayengojea hana budi kungoja. Pili, haimzuii mwajiri kumwachisha mtu kazi. Katika majimbo yetu yote matatu, mfanyakazi asiye na mkataba kwa kawaida anaweza kuondolewa wakati wowote, bila sababu kutajwa, ilimradi asiondolewe kwa sababu iliyokatazwa na sheria, kama vile rangi yake, dini yake au asili yake. Tatu, haimpatii kazi asiye na kazi.

Basi inafanya nini? Inahusu jambo moja tu, nalo ni ada ya chama cha wafanyakazi. Kwa sheria ya taifa, wafanyakazi walio wengi wa mahali fulani wakichagua chama, chama hicho huwawakilisha wote, wanachama na wasio wanachama. Mshahara uliopatikana katika mkataba huwa wa wote. Mtu akionewa, chama kinapaswa kumtetea kwa haki ile ile, awe amejiunga au hakujiunga. Kazi hiyo ina gharama, na kwa hiyo vyama vilikuwa vikipatana na waajiri kwamba kila anayenufaika na mkataba achangie. Mwaka 1947 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ijulikanayo kwa majina ya Taft na Hartley. Rais Truman aliikataa, lakini Bunge likamshinda kwa kura. Kifungu kimoja cha sheria hiyo kiliyaruhusu majimbo kupiga marufuku mapatano ya namna hiyo. Jimbo lililopiga marufuku ndilo linaloitwa jimbo la "haki ya kufanya kazi". Leo majimbo hayo ni 26. Kama tungekuwa waangalifu zaidi siku ile, tungalitafsiri hivi: sheria inayokataza ada ya lazima ya chama.

Sisi sote tunakijua chama cha kuzikana. Kila nyumba hutoa kidogo kila mwezi, na msiba ukitokea, chama hulipia jeneza, ukumbi, au safari ya mwili kurudi nyumbani. Sasa tuseme itoke amri kwamba chama kimzike kila Mswahili wa mtaa, aliyetoa na asiyetoa, kwa heshima ile ile, na wakati huohuo hakuna mtu anayeweza kudaiwa mchango. Wapo watakaoendelea kutoa kwa moyo. Wapo watakaosema, "Nitazikwa tu." Na mweka hazina atatumia jioni zake kubisha hodi milango ya watu. Hivyo ndivyo sheria hii inavyovigusa vyama. Haivifungi, bali huviachia mzigo wa wote huku mifuko ikitegemea hiari ya kila mmoja.

Wasomaji wetu wanaishi chini ya sheria tofauti, ingawa kutoka mji mmoja hadi mwingine ni safari ya gari ya saa chache. Kentucky iliipitisha sheria hii siku za mwanzo za Januari 2017, Gavana Matt Bevin akaitia sahihi, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaikubali kwa kura 4 dhidi ya 3. Ng'ambo ya mto, Indiana ilikuwa imetangulia mwaka 2012. Huku Ohio wananchi waliulizwa kwa kura mwaka 1958, na zaidi ya asilimia 60 wakaikataa. Mwaka 2011 Gavana John Kasich alitia sahihi sheria nyingine iliyopunguza uwezo wa vyama vya watumishi wa umma. Watu wakakusanya sahihi zaidi ya milioni moja kuipinga, na Novemba mwaka huohuo ikafutwa kwa kura. New York haijapata kuwa na sheria hii, na ni miongoni mwa majimbo yenye wanachama wengi zaidi nchini, takriban mfanyakazi mmoja kati ya watano. Wenzetu wa Buffalo watakumbuka kwamba Desemba 2021 wafanyakazi wa mkahawa wa Starbucks wa barabara ya Elmwood walipiga kura ya kuunda chama, na mfano wao ukaigwa katika miji mingi.

Hata hivyo, iko hukumu iliyowagusa watumishi wa umma wa majimbo yote. Juni 2018, katika kesi ya Janus, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtumishi wa serikali ya jimbo au ya mji, akiwamo mwalimu wa shule ya umma, hawezi kulazimishwa kulipa chochote kwa chama. Binti yetu ni msaidizi wa walimu katika shule ya umma huko Buffalo. Yeye yumo katika hali ile ile ya hiari aliyo nayo mpwa wetu wa Louisville, ijapokuwa jimbo lake halina sheria hiyo.

Tungependa kuwa waadilifu kwa wale wanaoitetea sheria hii. Husema kwamba mtu asilazimishwe kukilipa chama asichokipenda, na sisi tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo tunaifahamu hofu hiyo. Tanganyika, mwaka 1964, serikali ilivunja shirikisho la vyama huru na kuunda chama kimoja, NUTA, ambacho katibu mkuu wake alikuwa waziri wa kazi yeye mwenyewe. Kongo, mwaka 1967, Mobutu aliviunganisha vyama vyote kuwa kimoja chini ya mkono wa utawala wake. Mzee aliyeona fedha zake zikikatwa kwa ajili ya chama kisichothubutu kumpinga mwajiri hana makosa akiitazama fomu ya chama kwa jicho la shaka. Lakini na ajue kwamba hapa wanachama huwachagua viongozi wao na mkataba hupigiwa kura. Hata Ohio na New York, katika kampuni za binafsi, mtu anaweza kukataa uanachama kamili na kulipia gharama za uwakilishi tu, bila kuchangia siasa. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1988.

Wala swali hili si la Marekani peke yake. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 na ile ya Kenya ya 2007 zote zinaruhusu ada ya uwakala, yaani mchango wa asiye mwanachama anayenufaika na mkataba. Nako pia watu hunung'unika wakiona makato hayo.

Turudi kwa mpwa wetu. Miezi kadhaa baada ya kuirudisha ile fomu, aliachishwa kazi kwa kudaiwa kuchelewa siku tatu. Yeye alikuwa na hakika kwamba hakuchelewa, bali mashine ya kuandikisha saa ndiyo iliyokosea. Akatupigia simu usiku, sauti imekauka, kodi ya nyumba ikikaribia, na mkewe ana mimba ya miezi saba. Tulimshauri amtafute mwakilishi wa wafanyakazi wa zamu yake, mama wa makamo, mzaliwa wa mashambani mwa Kentucky. Mama yule aliandika malalamiko, akahudhuria vikao vitatu, akadai kumbukumbu za mlangoni, na ikaonekana kijana alikuwa kazini siku zote tatu. Alirudishwa kazini na kulipwa mishahara aliyopoteza. Katika muda wote huo mama hakumwuliza hata mara moja kama analipa ada.

Kijana alikuja kwetu na mtoto mchanga mikononi, akauliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake la kisheria. "Mjomba, hawakunidai. Sheria hainidai. Wamenitetea bure. Je, nina deni?"

Tukamsimulia jambo ambalo hatujapata kumsimulia mtu wa nyumbani. Oktoba 1997 walimu wa Kenya waligoma, wakiongozwa na chama chao, KNUT, na katibu mkuu wake Ambrose Adongo. Mgomo ulidumu siku 12. Sisi hatukugoma. Tulikuwa na mkopo wa nyumba na tulikuwa na hofu, na kila asubuhi tulikwenda kutia sahihi katika daftari la mahudhurio, shule ikiwa tupu. Serikali ilipokubali nyongeza na awamu ya kwanza ikalipwa, nasi tulipata sawasawa na waliokaa nje. Mwenzetu wa meza ya jirani, aliyegoma siku zote 12, hakutulaumu hata kwa neno moja. Alitusalimu kama kawaida, akaendelea kusahihisha madaftari. Ada ya chama ilikuwa ikikatwa katika mshahara wetu miaka yote, kwa hiyo kwa hesabu ya fedha hatukuwa na deni. Lakini kila tulipopokea ule mshahara mpya tulijua kwamba mwingine ndiye aliyeutafuta.

Hatukumwambia afanye nini. Juma lililofuata alijaza fomu, na sasa huhudhuria mikutano kila apatapo nafasi. Wenzake wawili wa zamu hiyo, nao ni watu wa kwetu, hawajajaza. Ni haki yao, na mama yule bado atawatetea.

Vyama vimepungua nguvu nchini kote. Mwaka 1983 wanachama walikuwa asilimia 20 ya wafanyakazi. Mwaka 2024 hawakufika asilimia 10. Sababu ni nyingi, na sheria hii ni moja tu. Wala chini yake vyama havifi. Nevada imekuwa nayo tangu miaka ya 1950, na bado chama cha wafanyakazi wa mahoteli na mikahawa cha Las Vegas kina wanachama wapatao 60,000, wengi wao wahamiaji kama sisi. Louisville penyewe, Oktoba 2023, wafanyakazi 8,700 wa kiwanda cha malori cha Ford waliweka zana chini, wakajiunga na mgomo wa chama chao cha UAW. Sheria ilikuwa na umri wa miaka sita wakati huo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fomu ikikufikia, usiitie sahihi wala kuirudisha kabla ya kuuliza. Uliza kama mahali pako pa kazi pana mkataba wa pamoja, na uombe nakala yake. Uliza ada ni kiasi gani na mwakilishi wa zamu yako ni nani. Kumbuka kwamba tangu 1935 sheria ya taifa inamkataza mwajiri wa kampuni binafsi kumwadhibu mfanyakazi kwa kujiunga na chama, Kentucky kama New York. Kisha uamue mwenyewe, ukijua unachokubali au unachokataa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tumekwisha kuipita siku ya tatu hapa.

Yule mama alipata kibali chake mwezi wa nne, na sasa anafanya kazi kihalali. Tunamshukuru Mungu kwamba alipiga simu kwanza.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu, Columbus