Simba wa Leipzig, Vinyago vya Newala

Mwaka 1975 nilipopata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo Leipzig, Ujerumani Mashariki, baba aliniuliza jambo moja tu: huko maji yapo? Kwa mtu wa Newala hilo si swali la mzaha. Sisi tunakaa juu ya uwanda wa Makonde. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza yote, na enzi hizo mama zetu waliteremka magengeni usiku kufuata chemchemi, wakarudi na ndoo kichwani jua limeshachomoza. Shirika la Maji la Makonde lilikuwepo tangu miaka ya 1950 na mabomba yalikuwepo, ila maji yalikuja yakijisikia. Nikamjibu baba kwamba kwa Wazungu maji hayakosi.

Kumbe yalikuwepo hadi ya kuogea viboko. Walimu wetu wa Chuo Kikuu cha Karl Marx walikuwa wakitupeleka kwenye bustani ya wanyama ya mji ule, tukaangalie meno, kwato na vinyesi vya wanyama wasiopatikana zizini. Siku ya kwanza wenzangu walikwenda kwa simba. Mimi nilibaki penye bwawa la kiboko, namtazama mfanyakazi aliyevaa buti za mpira akifungulia maji machafu yaende, kisha akifungulia mengine safi. Jioni nilimwandikia baba barua ndefu kuhusu chuo, chakula na baridi. Habari za kiboko sikuziandika.

Bustani ile ilianzishwa mwaka 1878 na Ernst Pinkert, mtu mwenye mgahawa, aliyegundua kuwa wateja hukaa muda mrefu zaidi wakiwa na cha kutazama. Sifa yake kubwa ilikuwa simba. Walikuwa wakizalishwa pale tangu karne ya 19, zaidi ya elfu mbili kwa jumla, wakauzwa kwa bustani nyingine na kwa masarakasi, hata wenyeji wakaiita kiwanda cha simba. Kila mmoja alikuwa na kadi yake ya kliniki: siku aliyozaliwa, jina la mama, uzito, chanjo. Kijijini kwetu watoto wengi hawakuwa na kadi ya namna hiyo. Nilishika kadi ya mtoto wa simba mkononi nikajisikia kucheka, kwa sababu mimi simba nilikuwa namjua kwa sauti na kwa misiba. Kwetu mtu hulala kwenye dungu shambani kulinda nguruwe wasimalize mahindi, na simba hufuata nguruwe. Akimkosa nguruwe, dungu lina mtu. Msiba wa hivyo ukitokea watu huanza kuulizana simba yule katumwa na nani.

Wenyeji wa Leipzig nao walikuwa na kisa chao cha simba, na walikisimulia kwa kicheko. Oktoba 1913, usiku wa ukungu, magari ya sarakasi ya Barum yalikuwa yakipelekwa stesheni, tramu ikagonga gari moja, simba wanane wakatoka barabarani. Polisi waliwapiga risasi sita, wawili wakakamatwa wazima. Mmoja, jike, alikuwa ameingia hotelini. Kisa kizima hakikuua hata mtu mmoja, na wao walikitungia vichekesho na kukichapa kwenye postikadi.

Lakini jambo lililonifanya niandike kumbukumbu hizi si simba. Jumapili moja, nadhani mwezi Mei 1977, nilikwenda pale na mwenzangu wa Pemba aliyekuwa akisomea udaktari wa binadamu. Tulikaa kwenye benchi alipokuwa amekaa mzee mmoja wa Kijerumani, koti lake limefungwa vifungo vyote hadi shingoni japo kulikuwa na jua. Akatuuliza tumetoka wapi. Tulipomwambia Tanzania hakutambua. Mwenzangu akamwongezea kwamba zamani ilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hapo uso wake ukafunguka. Akanyoosha fimbo kuelekea kwenye majani mbele yetu, akasema alipokuwa mdogo baba yake alimleta pale pale kuwatazama watu wa Afrika. Walikuwa na vibanda vya nyasi, wanapika, wanaimba na kucheza kwa saa maalumu, na watazamaji wamesimama nje ya uzio. Kiingilio cha mtoto kilikuwa nusu. Alisimulia kwa upole, kama anayetukumbusha ndugu zetu tuliosahauliana. "Mmoja alinipa mkono," akasema, kisha akatoa peremende mfukoni akatugawia.

Mwenzangu akashukuru kwa adabu zote za Kipemba. Tulipofika kituo cha tramu akaniuliza, "Ndugu, unadhani wale walirudi kwao?"

Baadaye nilisoma, na mzee yule hakuwa ameota. Maonyesho ya watu yalianzishwa Hamburg miaka ya 1870 na mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck, alipoona biashara ya wanyama imelegea. Leipzig iliyaiga mapema, na yaliendelea katika bustani ile hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwenye maonyesho ya makoloni ya Berlin mwaka 1896 walipelekwa watu zaidi ya 100, wakiwemo Waswahili na Wamasai, na wapo waliofia huko huko kwa maradhi. Mwaka uliofuata Leipzig ikafanya maonyesho yake makubwa ya viwanda, yenye kijiji cha Afrika Mashariki na watu wake ndani. Uwanja ule nilikuwa naujua vizuri. Wakati wetu uliitwa bustani ya Clara Zetkin, na sisi wanafunzi wa Kiafrika tulikuwa tukicheza mpira pale kila Jumamosi.

Tulipokutana na mzee yule nilikuwa bado sijaingia Jumba la Grassi. Hilo ni jumba la makumbusho, mwendo mfupi tu kutoka chuoni. Nilikwenda kwa kukimbia baridi zaidi kuliko kwa hamu ya kujifunza, nikapanda ngazi, nikageuka kona, nikakutana na mapiko. Vinyago vya kwetu, vya jandoni, ambavyo mwanamke hakupaswa kujua nani yumo ndani yake, vimepangwa nyuma ya kioo, na mbele yake wamesimama wasichana wa shule wanakula tufaha. Pembeni palikuwa na ndonya za mti mweusi. Bibi yangu mzaa mama alivaa ndonya mdomo wa juu hadi alipokufa. Nilikuwa nikimwona akiivua kuiosha.

Vitu vile vililetwa na Karl Weule, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa jumba hilo. Alitaka kwenda Irangi, machafuko ya huko yakamgeuza, akaletwa Lindi. Mwaka 1906 alipita Masasi, ambako misheni ya Waingereza ilikuwa imechomwa katika Vita vya Majimaji mwezi Agosti mwaka uliotangulia, akapanda Newala, akakaa bomani na kulalamikia upepo wetu. Alikuwa na kamera, mashine ya sinema na mashine ya kunasa sauti kwenye nta. Alirekodi nyimbo, aliingia kwenye unyago, na kitabu chake kilitoka mwaka 1908. Nimekisoma mara nyingi. Picha za mabibi wenye ndonya zimepigwa uso kisha ubavu, kama tunavyompiga picha ng'ombe wa mbegu kabla ya mnada, na hapo ndipo taaluma yangu iliponiuma.

Weule hakuwa katili. Vingi alivinunua kwa fedha, na wapo watu wetu aliowasifu kwa moyo. Lakini mwaka 1906, vita na njaa vimepita, kodi ya kibanda inadaiwa, askari wamesimama na bunduki nyuma ya Mzungu, nani angemwambia hapana, kinyago hiki hakiuzwi? Na mbona aliyekuja kuvinunua alitoka mji ule ule wenye bustani ya simba na uwanja wa kuonyeshea watu? Mkazi wa Leipzig wa enzi hizo aliweza kuvimaliza vyote kwa Jumapili tatu, tiketi mkononi, bila kuona kwamba anafanya mambo tofauti. Mimi pia sioni tofauti.

Nilirudi nyumbani mwaka 1981 nikapangiwa Masasi, chini ya majabali ya Mtandi. Ng'ombe walikuwa wachache kwa sababu ya mbung'o. Kazi yangu kubwa ilikuwa mbuzi, na kuku wa kuchanja mdondo. Simba nilizidi kuwajua kwa misiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu Watanzania zaidi ya 560 waliouawa na simba tangu 1990, na kusini kwetu, Lindi na Mtwara, ni miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Hakuna aliyewachapia postikadi.

Siku hizi Leipzig wanabishana. Wakazi wa mji, wenye asili ya Afrika wakiwemo, wanaitaka bustani iseme wazi kwamba ilikuwa ikionyesha watu, na jumba la Grassi linaulizwa lilivyopata mali zake. Wabishane, ni haki yao. Sehemu ya mkusanyiko iliteketea kwa mabomu Desemba 1943, hiyo hairudi. Kuhusu mapiko yaliyobaki, wazee wetu hawajakubaliana: wapo wanaotaka yarudi, wapo wanaosema kinyago kilichotazamwa na wanawake miaka mia hakina kazi tena. Mimi niko upande wa wanaotaka yarudi.

Ila sauti hazina ubishi. Nyimbo alizonasa Weule mwaka 1906 zimehifadhiwa Berlin, kwenye hifadhi ya sauti za kale. Nawaomba wanaohusika na urithi wetu, Dodoma na huko Berlin, walete nakala Newala na Masasi, zikae mahali ambapo mwanakijiji anaweza kuingia na kusikiliza bila kiingilio. Wazee wanaoweza kusema huu ni wimbo wa unyago gani, au ni lugha ya ukoo upi, bado wapo Newala, Mahuta na Chiwata, lakini kila mwaka tunawazika. Zileteni sasa.