Mlango Usiofungika Kabisa

Msomaji, yamkini umefundishwa, kama nilivyofundishwa mimi katika chuo cha ualimu, kwamba transista ni mlango: hufunguka au hufungika. Maneno hayo niliyapokea bila swali, nikaja nayo Mashuuru nilipoanza kazi, nikawakabidhi wanafunzi wangu kama nilivyokabidhiwa.

Jioni moja ya mwaka 2018 chama chetu cha sayansi kilikuwa na betri, mita ya umeme na mosfeti moja. Transista ya namna hiyo ilibuniwa mwaka 1959 katika maabara ya Bell, Marekani, na Mohamed Atalla, mzaliwa wa Port Said nchini Misri, pamoja na Dawon Kahng, mzaliwa wa Korea. Ina lango lililokaa juu ya tabaka jembamba lisilopitisha umeme. Volti ya lango ikipita kipimo kiitwacho kizingiti, elektroni hupata njia katika silikoni iliyo chini yake. Chini ya kizingiti, niliwaambia, mkondo ni sifuri.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu akaishusha volti taratibu. Mita ikasoma maikroampea mia, kisha kumi, kisha pungufu ya moja.

"Mwalimu, umepungua, lakini haujakoma."

Nikamjibu kwamba mita ni mbovu. Nikalitwaa daftari lake, nikaikata hesabu yake, nikaandika sifuri kwa wino mwekundu.

Laiti ningaliyatazama vema maboma niliyokuwa nikiyapita kila siku! Mbuzi waliozungushiwa ua wa miba hawatulii sawasawa, na wako wachache wanaoruka. Inua ua, warukao watapungua. Inua tena, watapungua zaidi. Elektroni nazo hutikiswa na joto, wala hazina nguvu sawa. Volti ya lango ikishuka, ua wao huinuka, na zile chache zenye nguvu nyingi huvuka vivyo hivyo. Katika halijoto ya nyuzi 27, kuufanya mkondo uwe sehemu moja ya kumi hutaka lango lishushwe kwa milivolti 60 hivi, na transista nyingi hutaka 70 hadi 100. Joto likizidi, wavukao huongezeka.

Chukua hatua ya milivolti 80 na kizingiti cha 480. Lango likiwa halina volti kabisa, umeshuka hatua sita tu, na mkondo uliosalia ni sehemu moja katika milioni ya ule wa kizingitini. Ni mdogo, naam. Walakini simu ina transista mabilioni, na hiyo ni sababu mojawapo ya betri yake kupungua hali imelala mezani. Hata kizingiti chenyewe watengenezaji hukitaja kwa mkondo waliouchagua wao, mara nyingi maikroampea 250.

Wako wasioudharau mkondo huo. Mwaka 1977 Eric Vittoz na Jean Fellrath wa Uswisi, nchi ya mafundi wa saa, walichapisha namna ya kuunda sakiti zifanyazo kazi chini ya kizingiti kwa makusudi, zikitumia umeme kidogo mno.

Nilipoyasoma haya, msichana yule alikuwa amekwisha kuhitimu, mwaka 2019, na daftari amekwenda nalo. Hesabu aliyoiandika ilikuwa maikroampea 0.9. Juu yake imo sifuri yangu.