Vigawe, au kwa nini 13 haikunipendeza

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, kazi zimenibana. Leo sitaandika juu ya rununu mpya wala lugha mpya ya programu. Nataka tuongee juu ya hesabu ya darasa la nne. Subiri kwanza, usifunge ukurasa!

Tuanze na neno lenyewe. Sisi Wakenya tulifunzwa hisabati kwa Kiingereza, na ndiyo maana wengi wetu tukiulizwa jina la kitu hiki kwa Kiswahili tunakwama. Majirani zetu wa Tanzania, ambao shule zao za msingi za serikali hufundisha hisabati kwa Kiswahili, wana neno zuri: kigawe, na kwa wingi vigawe. Ile LCM iliyotutoa jasho sisi, wao huiita KDS, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika. Nimelichukua neno hilo bila kuomba ruhusa.

Chukua nambari nzima yoyote, tuseme 4. Izidishe kwa 0, kwa 1, kwa 2, kwa 3, uendelee hivyo hivyo. Unapata 0, 4, 8, 12, 16, 20, 24... Hivyo ndivyo vigawe vya 4. Orodha haina mwisho, na ukitaka kurudi nyuma ya sifuri utakuta −4, −8 na wenzao. Usichanganye na kigawo. Vigawo vya 4 ni vitatu tu: 1, 2 na 4, yaani nambari zinazoigawa 4 bila kubakisha kitu. 24 ni kigawe cha 4, na 4 ni kigawo cha 24. Herufi moja tu inayatenganisha maneno haya, na nadhani aliyeyatunga hakuwahi kusahihisha daftari za watoto arobaini.

Kuhusu sifuri: ndiyo, sifuri ni kigawe cha 4, kwa sababu 4 × 0 = 0. Ni kigawe cha kila nambari nzima. Wanafunzi wengi huiacha, na vitabu vingine huanza kuorodhesha kutoka 4 moja kwa moja. Kwetu sisi tunaoandika programu haiachiki hata kidogo. Pakiti iliyoisha bado ni hali halali ya pakiti.

Sasa jambo lenyewe ninalolipenda. Ukijumlisha vigawe viwili vya 4 unapata kigawe cha 4. Ukitoa kimoja kwenye kingine, vivyo hivyo. Sababu ni rahisi: 24 − 8 ni 4 × 6 − 4 × 2, na hiyo ni 4 × (6 − 2). Lakini ukichukua kigawe ukakiongeza au ukakipunguza kwa nambari ambayo si kigawe, jibu haliwezi kuwa kigawe. Kamwe. Basi ukikuta jibu ambalo si kigawe mahali ambapo kila hatua ilipaswa kuwa kigawe, unajua kuna mkono mwingine ulioingia. Hujui ni wa nani, lakini unajua umeingia.

Nitaeleza kwa mfano ambao ulinikosesha raha Jumapili moja asubuhi.

Nyanya yangu, ambaye sisi humwita Kukhu, anaishi upande wa Busia, na kule malaria ni mgeni asiyeaga. Alishikwa na homa, akapelekwa zahanati Jumamosi, akapimwa, akapewa dawa ya AL. Hii ndiyo dawa ambayo Kenya ilianza kuitoa kama dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006. Mtu mzima hupewa tembe 24: nne kwa mkupuo mmoja, mikupuo sita ndani ya siku tatu. Wa kwanza papo hapo, wa pili baada ya saa 8, halafu saa 24, 36, 48 na 60. (Mnaona? Saa zote ni vigawe vya 12 isipokuwa hiyo 8, na ndiyo inayowachanganya watu.) Watoto hupewa kwa uzito: tembe 1, 2 au 3 kwa kila mkupuo. Kwa hiyo pakiti huwa za 6, 12, 18 na 24. Vigawe vya 6, kwa sababu mikupuo ni sita kwa kila mtu.

Mkupuo wa kwanza Kukhu alimeza saa nne asubuhi Jumamosi, wa pili saa kumi na mbili jioni. Jumapili nikampigia simu mapema, kabla ya ule wa tatu. Nikamwuliza anavyojisikia. Afadhali, akasema, kichwa kimepungua. Nikamwuliza tembe zimebaki ngapi.

"Kumi na tatu, mjukuu wangu."

Nikamwomba ahesabu tena, polepole. Kumi na tatu.

Hata kama ungekuwa hujui alimeza mara ngapi, 13 peke yake inatosha kukusimamisha. Pakiti ya mtu mzima huanza na kigawe cha 4, na kila mara hutolewa 4. Haiwezi kufika 13 kwa njia halali. Ilipaswa kuwa 16. Sikutaka kumwonyesha wasiwasi, maana Kukhu akidhani unamhoji hukata simu. Nikamwambia tu, "Kukhu, kuna tatu zimetoroka."

Akacheka. Kisha akanieleza. Mjukuu wake mwingine, kijana wa miaka kumi anayekaa naye, alikuwa amechemka usiku. Akampa tembe tatu ili asubuhi aende vizuri kanisani. Kwani si dawa ni ile ile?

Hapo palikuwa na matatizo mawili. La kwanza ni mtoto ambaye hajapimwa, na ambaye kama kweli ana malaria amemeza mkupuo mmoja kati ya sita. Homa hupoa, watu husahau, na vimelea hubaki. La pili ni Kukhu mwenyewe. Kufikia mkupuo wa sita angekuwa na tembe moja mkononi badala ya nne, na ninavyomjua angeimeza hiyo moja, aseme amemaliza. Hakuna ambaye angegundua hadi homa irudi. Ana miaka 78.

Mimi si daktari, basi sikumpa ushauri wa dawa. Nilimpigia binamu yangu, akawachukua wote wawili kwa bodaboda. Kijana alipimwa, akakutwa na malaria, akapewa pakiti yake mwenyewe ya tembe 18. Kukhu akajaziwa tatu zake. Muuguzi akamsomea vizuri, nasikia, kuhusu kugawana dawa.

Lakini tangu siku hiyo kuna kitu kimekuwa kikinisumbua, na ndicho kilichonifanya niandike haya. Je, kama angempa kijana tembe nne? Zingebaki 12, na 12 ni kigawe kizuri kabisa cha 4. Mtu anayeangalia ukigawe tu angepita bila kusita. Ingebidi ujue pia ni mikupuo mingapi imeshamezwa ndipo useme hapana, ilipaswa kuwa 16. Ukaguzi wa vigawe hukuonyesha kosa lisilo kigawe. Kosa ambalo lenyewe ni kigawe hupita mlangoni likikupungia mkono.

Hili nalijua vizuri kwa sababu ya kazi. Mwaka 2023 niliandika programu ya mauzo kwa duka moja la jumla hapa Nairobi. Shika pakiti yoyote ya unga au sabuni uitazame ile mistari myeusi na myeupe. Chini yake kuna tarakimu 13. Kumi na mbili za kwanza ndizo nambari ya bidhaa, ya mwisho ni askari. Kanuni ni hii: tarakimu ya kwanza izidishe kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hadi mwisho. Jumlisha zote. Jibu lazima liwe kigawe cha 10.

Nimetunga nambari ya mfano: 6161234567890. Hesabu: 6 + 3 + 6 + 3 + 2 + 9 + 4 + 15 + 6 + 21 + 8 + 27 + 0 = 110. Sawa. Sasa tuseme pakiti imekunjamana, skana imekataa, na mtu anabofya kwa mkono, akaweka 8 mahali pa 5. Ile 15 inakuwa 24, jumla inakuwa 119. Tarakilishi inalia. Kosa la tarakimu moja halipiti hata siku moja, kwa sababu tofauti ya tarakimu mbili ni kati ya 1 na 9, na ukiizidisha kwa 1 au kwa 3 huwezi kupata kigawe cha 10. Wangechagua 2 badala ya 3 mambo yangeharibika, maana 2 × 5 ni 10. Wangechagua 5, balaa zaidi. Kwenye msimbo ukaguzi wote ni mstari mmoja: baki ya jumla ikigawanywa kwa 10 iwe sifuri.

Mwenye duka hakuupenda mstari huo. Akaniita mwisho wa mwezi, foleni ndefu, akasema, "Bwana, ondoa hiyo kitu inayopiga kelele, inachelewesha vijana wangu." Nikamwomba nusu saa na rekodi za programu yake ya zamani. Ile ya zamani haikuwa na ukaguzi wowote. Aliyepokea mzigo akikosea tarakimu, ilizaliwa bidhaa mpya isiyokuwepo duniani. Nilizikuta nambari kadhaa za namna hiyo, na mojawapo ilikuwa ya sukari: marobota yaliyoandikwa chini ya nambari mbili, moja ya kweli na moja ya kubofya vibaya. Wakati wa kuhesabu mali, nambari ya kweli ilionekana kupungukiwa. Upungufu ule alikatwa keshia kwenye mshahara, miezi miwili mfululizo. Jumla ya nambari ile ya pili haikuwa kigawe cha 10. Kosa lilikuwa limekaa pale pale likisubiri mtu ajumlishe.

Ukaguzi ukabaki. Pesa za keshia, hadi ninapoandika, hazijarudishwa. Nimeulizia mara tatu, najibiwa kwamba hesabu za mwaka ule zimefungwa.

Keshia huyo huyo ndiye aliyekuja siku moja kuniuliza mbona tarakilishi haikulia alipobofya 661 badala ya 616. Nilifurahi kuliko kawaida, kwa sababu hilo ndilo swali lenyewe. Bidhaa ambayo nambari yake imesajiliwa Kenya huanza na 616. Sasa badilishana tarakimu mbili zilizo jirani. Kwenye 616 mchango ni 6 + 3 + 6, yaani 15. Kwenye 661 ni 6 + 18 + 1, yaani 25. Tofauti ni 10 kamili! Jaribu na 166: 1 + 18 + 6, tena 25. Ukibadilishana jirani zinazotofautiana kwa 5, jumla husogea kwa 10, na 10 ni kigawe cha 10, basi askari anapiga saluti. Kati ya viambishi vyote ambavyo nchi yetu ingeweza kupewa, tumepewa kile chenye 6 na 1 bega kwa bega, mara mbili.

ISBN za zamani za tarakimu kumi hazikuwa na upofu huu. Zilitumia uzito wa 10, 9, 8 kushuka hadi 1, na jumla ilipaswa kuwa kigawe cha 11. Jirani wawili wakibadilishana, jumla husogea kwa tofauti yao tu, na tofauti hiyo haifiki 11. Gharama yake ni kwamba wakati mwingine askari alihitaji kuwa 10, ambayo si tarakimu moja, ndiyo maana utaona X mwishoni mwa baadhi ya vitabu. Tarehe 1 Januari 2007 ISBN zikahamia tarakimu 13 na vigawe vya 10, ili zilingane na bidhaa nyingine dukani. Mimi bado naona tulibadilishana ng'ombe kwa mbuzi, lakini hakuna aliyeniuliza.

Dawa niliyoiweka ni ndogo. Mzigo mpya ukiingizwa kwa mkono na nambari ikianza na 661 au 166, programu huomba iandikwe upya kutoka mwanzo, bila kuionyesha ile ya kwanza. Wiki ya kwanza ilinasa mbili. Zote mbili zilikuwa maziwa.