KINYWA CHA MGONJWA KISISAHAULIKE

Wahenga walisema mficha ugonjwa kifo humuumbua. Lakini ndugu msomaji, yako maradhi ambayo mgonjwa hayafichi, ila sisi tulio karibu naye ndio hatuyaangalii. Nazungumzia kinywa cha mtu anayetibiwa saratani.

Nyanya yangu, mkaazi wa hapa Leparua, alipatikana na saratani ya titi. Akawa anatiwa dawa kwa dripu kila baada ya wiki tatu katika hospitali moja ya mbali. Tuliambiwa atatapika na nywele zitanyonyoka. Habari ya kinywa hakuna aliyetutajia. Wiki moja hivi baada ya dripu ya pili, ulimi na mashavu kwa ndani vilijaa vidonda. Chai ilimchoma, maziwa lala yalimwasha, nyama ndiyo usiseme. Majirani wakanong'ona ati saratani imepanda kutoka kifuani hadi mdomoni. Nyanya akatangaza, "Mjukuu wangu, dripu ya tatu siendi. Heri nife nikiweza kunywa maziwa."

Kumbe haikuwa saratani! Muuguzi wa zahanati alitueleza kwamba dawa zile huwinda chembechembe zinazozaana upesi. Za saratani huzaana upesi, lakini za nywele na za ngozi laini ya kinywa pia. Dawa haichagui. Tena kinga ya mwili hupungua, basi ukungu mweupe huota ulimini kwa urahisi. Vidonda vingi hupona katika wiki mbili au tatu, lakini homa ikiingia mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Akatufundisha kusukutua: lita moja ya maji safi, kijiko kidogo cha chumvi na kimoja cha soda ya kuoka, wala si magadi. Mswaki wa mti wa sokotei tuuweke kando kwa muda maana hukwaruza ufizi. Atumie brashi laini. Uji uwe mwepesi na uliopoa. Nyanya, kama wazee wengi wa Kisamburu, aling'olewa meno mawili ya chini utotoni, na wazee husema pengo hilo ni la kumlishia mgonjwa aliyefungwa taya na pepopunda. Siku aliposhindwa kufungua mdomo kwa uchungu, tulipitisha mrija papo hapo.

Wanaopigwa mionzi kichwani na shingoni wana taabu zaidi. Tezi za mate hukauka na meno huoza haraka. Jino likija kung'olewa baadaye, mfupa wa taya waweza kukataa kupona. Ndiyo sababu meno mabovu hung'olewa mapema, wiki mbili au tatu kabla ya mionzi.

Mwaka wa 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika kuhusu saratani ya taya za watoto, ambayo hulegeza meno. Ikiwa jino linalolegea laweza kuwa dalili ya saratani, mbona daktari wa meno asiitwe tangu siku ya kwanza?

Nyanya alikubali kurudi, akamaliza dripu zote sita. Wenzangu, mkimsindikiza mgonjwa wenu, msione haya. Ulizeni kabla sindano haijaingia: "Na kinywa je, daktari?"