Bibi Aingia Ngomeni

Ngome ya Yesu, kwetu sisi wa Mji wa Kale, ni mahali pa kupita tu. Twaipita twendapo kazini, twapumzika kivulini mwake, na kuingia ndani twawaachia watalii na watoto wa shule. Tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na watu husafiri kutoka mbali kuja kuitazama. Lakini wapo wazee waliozaliwa karibu na lango lake ambao hawajaukanyaga ua wake.

Bibi yetu alikuwa mmoja wao, na sababu yake haikuwa uvivu. Habari ziandikwazo sana ni za Wareno walioanza kuijenga mwaka 1593, za Waarabu wa Omani walioizingira kuanzia 1696 hadi 1698, na za merikebu Santo Antonio de Tanna, iliyozama chini ya kuta zake mwaka 1697 na ambayo vyombo vyake vilivyoopolewa vimewekwa humo. Bibi hayo hayamshughulishi. Yeye ngome aliijua kuwa ni jela, na jela ilikuwa kweli, tangu 1895 hadi 1958. Kipindi hicho, kwa maoni yetu, hutajwa kidogo mno.

Mwaka 1955 babake alifungwa humo miezi minne kwa deni la kodi. Kila Ijumaa Bibi, mtoto wa miaka 8, alifuatana na mamake kutoka Kibokoni, wamebeba mikate ya mofa iliyofungwa kitambaani. Askari alikipokea kifurushi langoni, nao wakarudi. Mzee alipotoka hakutaka kuizungumzia ngome, na Bibi naye akakua akiikwepa, hata mwezi uliopita alipotuambia ghafla kwamba angependa kuingia kabla macho yake hayajazimika kabisa.

Tulikwenda watu sita, Bibi akiwa katika kiti cha magurudumu. Ukishapita lango kuna njia ya mawe yenye kupanda, na hapo magurudumu yakagoma. Nyuma yetu walisimama wanafunzi wapatao arubaini kutoka bara, madaftari mkononi. Tukajisogeza ili wapite. Mwalimu wao hakupita. Aliwaambia watoto wangoje, akainama mbele ya Bibi.

"Nyanya, shikamoo. Utaturuhusu tukubebe?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi mzito."

"Si mzito kuliko mama yangu."

Akashika upande mmoja, vijana wetu wakashika mwingine, wanafunzi wawili wakubwa wakaukamata mgongo wa kiti. Walikwenda polepole, yeye akitangulia kupapasa kila jiwe kwa mguu, mpaka wakamweka uani mahali penye kivuli. Tulidhani ataaga, kwani msafara wake ulikuwa umekwisha kucheleweshwa. Badala yake alimwuliza Bibi iwapo amewahi kufika hapa. Bibi akajibu kwamba aliwahi kufika mlangoni tu, na akamweleza sababu.

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akaomba ruhusa watoto waketi wasikilize. Wakaketi sakafuni, jua likiwapiga baadhi yao. Bibi, ambaye nyumbani hatukuwahi kumsikia akiyasimulia haya zaidi ya maneno mawili matatu, alisema kwa muda wa nusu saa nzima: foleni ya wanawake langoni, mamake aliyevuta buibui usoni ili asionekane akilia, harufu ya bahari iliyochanganyika na ya jela.

Msichana mmoja akainua mkono. "Nyanya, ulijuaje kama mikate ilimfikia?"

Swali hilo sisi wanawe na wajukuu hatukuwahi kumwuliza.

"Kitambaa," akasema. "Kila Ijumaa askari alinirudishia kile cha Ijumaa iliyopita. Kilikuwa kimefuliwa, na kimekunjwa mikunjo minne, kama alivyokuwa baba akikunja leso zake."

Hakuna aliyeandika neno daftarini.

Wakati wa kuondoka walimteremsha tena kwa utaratibu ule ule. Tulimsihi mwalimu apokee angalau pesa za soda za watoto. Akakataa, akacheka, akasema basi linamngoja. Bibi akamshika mkono, akamvuta karibu, akamnong'oneza jina la mamake ni nani, ili amtie katika dua pamoja na mwanawe. Alijibiwa sikioni. Jina hilo analo yeye, nasi hajatutajia.